Punda tunamlilia, mbuzi tunamkunja kwenye pikipiki: huruma yetu inachagua?

Msalato Jumamosi
Tangu Umoja wa Afrika upige marufuku moja kwa moja kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, Dodoma nzima imekuwa mtetezi wa punda. Vizuri. Sasa njooni mnadani Msalato. Mbuzi wawili wamefungwa miguu yote minne, wamelazwa ubavu nyuma ya pikipiki, mmoja juu ya mwenzake. Mbuzi akilala ubavu kwa muda mrefu hawezi kucheua wala kutoa gesi. Tumbo linavimba, linabana mapafu, anafika anakoroma. Aliyembeba ndiye anayesema kuchinja punda ni unyama. Na ndugu zetu wa Singida wananing'iniza kuku kichwa chini kwenye baiskeli, hawaoni kosa. Punda amemzidi nini mbuzi?

Binti wa Manyoni
Mleta mada, Singida imeingiaje hapa? Kuku wa kwetu hawaendi Dar es Salaam kwa baiskeli. Wanasafiri kwenye tenga la fito. La sentimita 90 kwa 60 linaingia kuku wakubwa 12, basi. Chakula kinakatwa jioni ya kuamkia safari, kwa sababu kuku aliyeshiba anachafua walio chini yake. Maji wanapewa mpaka dakika ya mwisho. Na safari ni ya usiku: kuku hatoki jasho, anapoa hasa kwa kuhema. Wanaoning'iniza ni wachuuzi wa mjini, na wengi wako hapo hapo Dodoma kwako.

Kizota
Dada, hao 12 ni wa kwenye maelezo. Tenga likifika stendi lina kuku 20, na matenga yamepandana matatu. Wanaokufa ni wa tenga la katikati, hewa haiwafikii. Kuhusu kuning'iniza, watu waelewe kinachotokea: kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama sisi. Ukimgeuza, matumbo yanalalia vifuko vya hewa. Anapigapiga mabawa, nyonga inachomoka. Mnyonyoe uone paja lilivyo jeusi kwa damu iliyovia.

Mkokoteni
Jamani, swali lilikuwa punda. Kwanza marufuku si ya moja kwa moja; wakuu wa nchi waliipitisha Februari 2024 Addis Ababa, miaka 15. Pili, punda hubeba mimba miezi 12 hivi na kuzaa mtoto mmoja. Mbuzi ni miezi 5, na mara nyingi pacha. Ngozi za punda zinachemshwa kutoa gundi inayotumika kama dawa China, na soko lile linataka punda wengi kuliko wanaozaliwa. Punda akiisha, maji yatarudi kichwani kwa mama zetu.

Msalato Jumamosi
Basi ni hesabu, tuseme ni hesabu. Tusiite huruma. Na huyo mnayemlinda mnamtwika madumu manne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 za maji, bado madumu yenyewe. Punda wetu wengi ni kilo 130 hivi. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani madumu mawili.

Mkokoteni
Madumu mawili! Mwambie hivyo mtu ambaye kisima kiko kilomita 6. Usimhukumu mwenye punda kabla hujaangalia matandiko, kwa sababu kidonda kinaanzia hapo. Gunia moja likitupwa mgongoni, uzito wote unakaa kwenye uti. Inatakiwa mito miwili ya gunia iliyojazwa nyasi kavu, mmoja kila upande, katikati pabaki uwazi wa vidole vinne ili mzigo ukae mbavuni. Kamba ya nailoni inayopita chini ya mkia izungushiwe kitambaa. Na kwenye mkokoteni, acheni kumvika punda nira ya ng'ombe. Hana nundu, nira inamchuna shingo. Mvike mkanda wa kifuani, mpana kama kiganja, ukae chini ya koo na juu ya maungio ya bega. Ukishuka unamzuia kutembea, ukipanda unamkaba.

Binti wa Manyoni
Kaka, mkanda nakubali. Ila kisima kuwa mbali hakupunguzi uzito wa dumu. Funga mkokoteni au nenda mara mbili. Nawe Kizota, tenga linajazwa kwa sababu konda anatoza kwa tenga. Atoze kwa kuku uone kama watazidi 12.

Kizota
Akitoza kwa kuku watafichwa kwenye viroba, na humo hawafiki hai. Kinachookoa ni vipande vya mbao kati ya tenga na tenga, unene wa sentimita 5, hewa ipite. Bei yake haifiki ya kuku mmoja.

Binti wa Manyoni
Wafugaji wanaziweka hizo mbao. Konda anazitoa, anasema zinakula nafasi ya mizigo.

Kizota
Basi konda ndiye wa kushtakiwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008 na usafirishaji umo. Mbona barua zote mnazoandika ni za punda?