Muzigo wangu Kisenyi unavunjwa, nihamie wapi na cherehani mbili?

fundi_wa_Kisenyi
Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa Bukavu, niko Kampala tangu 2011. Siku ya kwanza dalali aliniambia ana "muzigo" wa kunionyesha. Nikamfuata nikidhani kuna kitu cha kubeba, kumbe kwa Kiganda ndicho chumba kimoja cha kupanga. Basi muzigo huo nimeubeba mpaka leo. Juzi mwenye nyumba katuambia tutoke, kiwanja kimeuzwa, panajengwa ghorofa la maduka.

Vyumba havinitishi, vipo. Kinachonitisha ni wateja. Asubuhi huja wamama wa Kisomali na vitambaa vya diraa, vyepesi kama moshi, sindano ikiwa butu tu umelipa. Mchana ni Waganda wenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, wanaotaka gomesi, vazi refu la wanawake wa Kiganda, na wote wanaitaka Ijumaa. Wakongomani wenzangu wanaleta kitenge, wanapiga soga saa mbili, wanaondoka bila kulipa. Kitenge nilikuja nacho. Hizo nyingine nimejifunzia hapahapa. Gomesi ilinitesa! Yale mabega yenye ncha niliyafumua mara nne, hadi mama mmoja muuza matoke akaniazima yake usiku mzima niipime mezani.

Wengine wanasema Kansanga, wengine Katwe. Kaka yangu anataka nirudi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, nikalime, lakini mimi na jembe hatujuani. Halafu kuna mwanangu wa miaka 9, huyo hata usingizini anaongea Kiganda, sitaki kumhamisha shule. Mliowahi kuhama, wateja waliwafuata?

walaal_Bakuli
Fundi, nadhani mke wangu ni mmoja wa hao wa diraa. Nikwambie ukweli, hatapanda boda hadi Kansanga kwa ajili ya pindo. Mimi nauza maziwa ya ngamia. Nilihamisha duka mitaa miwili tu, wateja wa asubuhi wakapungua nusu. Tafuta nyuma kule kwenye mashine za kusaga mahindi. Kelele zipo, na unga utatua juu ya kila kitambaa cheusi, ila kodi inabebeka.

Nnalongo_Kansanga
Ssebo, mimi Muganda, msinicheke Kiswahili, nimefundishwa na wapangaji wangu. Utotoni mwetu kilikuwa lugha ya askari, ukikisikia nje unafunga mlango. Sasa ndicho ninachodaia kodi.

Huku Kansanga tuna Waeritrea na Waethiopia wengi, na nguo zao nyeupe wana mafundi wao. Utaanza upya kabisa, na wenye nyumba (mimi nikiwemo) tunataka miezi mitatu mbele. Lakini kwanza, amewapa siku ngapi? Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inasema anayelipa kwa mwezi apewe notisi ya siku 30.

fundi_wa_Kisenyi
Kumi. Tena kwa mdomo, amesimama mlangoni.

Nnalongo_Kansanga
Kumi! Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, leo, msiende mmoja mmoja, nendeni wapangaji wote. Na barua yake utaihitaji tu utakapohamia kwingine.

Mnubi_wa_Bombo
Sina chumba cha kukupa, nimecheka tu hapo kwenye gomesi. Unajua kwa nini inaitwa hivyo? Inasimuliwa kwamba aliyeishona mwanzoni alikuwa fundi Mgoa, Gomes, kwa wasichana wa shule ya Gayaza. Kwa hiyo si wewe fundi mgeni wa kwanza kukesha na mabega yale. Sisi Wanubi wa Bombo, mji hapo karibu na Kampala, tulikuja Uganda kama askari wa Lugard, yule kapteni Mwingereza, 1891, na mwezi uliopita kuna mtu ofisini kaniuliza nitarudi kwetu lini. Nikamjibu basi la Bombo linaondoka saa kumi.

fundi_wa_Kisenyi
Asanteni. Tumekwenda watu kumi na mmoja, mwenyekiti kampigia simu mwenye nyumba mbele yetu. Siku thelathini zimepatikana, kwa maandishi.

Jioni nimepelekwa kuona chumba nyuma ya mashine za unga. Nimekipima kwa futi yangu ya kushonea: meza ikiingia na cherehani zote mbili, kitanda kinabaki nje. Shule ya mtoto ni mwendo uleule. Nitalala chini ya meza, si mara ya kwanza.

Walaal, kama mkeo ndiye mwenye diraa ya kijani, mwambie iko tayari. Aje kabla ya Jumamosi, unga haujaanza.