Kampuni ya bima ya ndege inayoomba ruhusa London kabla ya kukulipa, ni ya nini?

Wakuu, nimevumilia miezi saba. Leo natapika yote.

Nina ndege ndogo ya injini moja ya pistoni. Naitumia mwenyewe, na siku nyingine inabeba abiria wa kukodi. Siku ya tukio rubani wangu alikuwa bado anaitembeza ardhini, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, gurudumu la mbele likazama kwenye shimo lililofichwa na nyasi. Propela ikachimba udongo, injini ikazima palepale. Hakuna aliyekwaruzwa. Nilipofika nilikuta ncha zote mbili za propela zimejikunja kwenda nyuma kama masikio ya mbwa aliyekemewa.

Mwenye ndege anajua kinachofuata. Propela ikigonga kitu kwa namna hiyo, injini inafunguliwa hata kama ukiiwasha inanguruma vizuri. Sijalitunga mimi hilo. Lycoming, kampuni inayotengeneza injini za namna hii, wana waraka wao wa huduma namba 533 kwa mambo hayohayo, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ina agizo la 2004-10-14 linalotaka gia ya krenki ikaguliwe kwenye injini za aina hii.

Sasa sikieni jibu la bima: "Kufungua injini ni matengenezo ya kawaida."

Ya kawaida! Injini ina saa 1,300 tangu ukarabati mkubwa, na kikomo kilichopendekezwa ni 2,000. Nani mwenye akili timamu anaipasua injini yake kwa hiari ikiwa na saa 700 mkononi? Wakifungua wakakuta pistoni imechakaa, wasinilipe pistoni. Uchakavu haulipwi, niliusoma mkataba, sina ugomvi nao. Lakini gharama ya kufungua imeletwa na lile shimo, haikuletwa na uzee.

Na hapo bado. Mkadiria hasara alikuja siku ya 11, akapiga picha kwa simu, akaondoka na nakala ya kitabu cha saa za rubani. Kitabu hichohicho wamekiomba mara tatu. Mkataba unataka rubani awe na saa 25 kwenye aina hii ya ndege. Wangu anazo 212. Halafu ikaja barua kwamba wanachunguza dai "bila kuathiri haki zao", yaani wanajiwekea mlango wa nyuma. Ndege muda wote huo imekaa hangani inakula ada ya maegesho, ambayo nayo hawailipi.

Nilipombana ofisa wa madai kwenye simu, likamponyoka: "Bosi, sisi hapa hatuna mamlaka. Tunasubiri London."

Ndipo nikaelewa nilichonunua. Kampuni niliyoilipa imebakiza asilimia 5 tu ya hatari, asilimia 95 imeipeleka kwenye bima mtawanyo, yaani kampuni zinazozikatia bima kampuni za bima, hao wa London. Kupeleka si kosa, ndege ni mali ghali na hakuna anayebeba mzigo huo peke yake. Kosa ni kwamba mkataba wao na hao wa bima mtawanyo unawakataza kukubali dai lolote bila idhini ya huko juu, na mimi sikuambiwa. Nililipa ada nzima kwa watu wenye muhuri tu.

Ile daraja A ya AM Best, wanaopima uwezo wa kampuni za bima kulipa, ambayo dalali alinitolea kama hirizi? Nimeirudia kuisoma taratibu. Ni ya kampuni ya bima mtawanyo, ambayo sina mkataba nayo hata wa mstari mmoja! Hawa wangu hawana daraja lolote. Kosa langu ni kwamba nilitazama herufi, sikutazama jina lililo juu yake.

Hasira zikanifanya niusome mkataba wote upya. Upande wa abiria wameandika kiwango cha fidia cha Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa abiria wa ndege, kuwa SDR (kipimo cha fedha cha IMF) 128,821 kwa kila abiria. Kilipandishwa hadi 151,880 tangu tarehe 28 Desemba 2024, na bima yangu imetolewa baada ya hapo. Kampuni inayojiita bingwa wa anga inanakili karatasi ya zamani.

Kuna atakayesema wananionea kwa udogo wangu. Hata wakubwa wanasota. Wenye ndege za kukodisha zilizokwama Urusi mwaka 2022 walisubiri mpaka Juni 2025 ndipo Mahakama Kuu ya London ikasema bima ya hatari za vita ndiyo inayopaswa kulipa. Tofauti ni kwamba wao wana mawakili jengo zima, mimi nina salio la simu.

Mkataba unaisha baada ya wiki 6, na dalali ameshaniletea karatasi ya kuhuisha, ada imepanda "kwa sababu una dai". Dai ambalo hawajalilipa!

Sihitaji pole. Mwenye bima ambayo kampuni ya mbele, ile iliyomuuzia, ina mamlaka ya kusaini dai lenyewe, aseme ni hadi kiasi gani. Na mwenye kipengele kinachomruhusu kulipwa moja kwa moja na bima mtawanyo, aweke maneno yake hapa kama yalivyo, afute majina. Kesho saa 4 nina kikao na dalali, nataka niyaweke mezani.