Gari la familia kwa barabara za Mwanza, watoto watatu wadogo: Sienta, Wish au Noah?

MamaKiseke

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoyajua magari. Natafuta gari la familia la kuagiza Japani, au la yadi ambalo halijatembea Tanzania. Watoto ni watatu: wa miaka sita, wa miaka mitatu na wa miezi mitano. Bajeti haizidi milioni 28, gari likiwa na namba na bima.

Tunakaa Kiseke, na kipande cha mwisho kufika nyumbani ni mlima wa vumbi na mawe. Kila siku ni shule na mjini, mara moja moja Magu, na likizo Ukerewe kwa kupitia Bunda na kivuko cha Kisorya. Nimebakiza Sienta, Wish na Noah. Watoto wakae vipi humo ndani kwa usalama, ipi haitanisumbua mlimani, na mafuta yakoje?

KitiKwanza

Dada, kwa watoto wa umri huo weka injini pembeni kwanza, uanze na siti za katikati na mikanda yake.

Mtoto mchanga wa miezi mitano anahitaji kiti kinachotazama nyuma. Kanuni ya viti vya watoto ya R129, inayotumika Ulaya, inataka abaki hivyo angalau hadi miezi 15, na akikaa zaidi ni bora, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo haijakomaa. Wa miaka mitatu anahitaji kiti chenye mikanda yake ya pointi tano. Wa miaka sita anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite katikati ya bega na juu ya mifupa ya nyonga. Huyu mkubwa ndiye watu humsahau, wakati kiti chake ndicho kinachobana uchaguzi wa gari: hakifanyi kazi na mkanda wa kiunoni peke yake. Mkanda wa kiunoni ukimbana mtoto kwenye ajali hupanda tumboni na kuumiza utumbo, na kifua hakina cha kukizuia. Kwa hiyo ukifika yadi, vuta mkanda wa kila siti kwa mkono wako. Magari ya zamani zaidi ya Japani mara nyingi yana mkanda wa kiunoni tu kwa anayekaa katikati.

Jambo la pili ni upana. Noah linaonekana kubwa, lakini Noah za kawaida, Sienta na Wish nyingi zote zina upana ule ule wa nje, 1,695 mm, kwa sababu Japani gari likizidi 1,700 linahamia daraja jingine la usajili. Ukubwa wa Noah uko kwenye urefu na kimo. Usitegemee viti vitatu vya watoto kupangwa mstari mmoja katika gari lolote kati ya hayo. Mmoja atakwenda safu ya nyuma.

Hapo ndipo Sienta ya zamani inapokwama. Ili ufike safu ya tatu unakunja siti ya katikati kwenda mbele, na siti iliyofungiwa kiti cha mtoto haikunjwi. Ukifunga viti viwili katikati, mlango wa kwenda nyuma umeuziba mwenyewe. Wish ni vilevile, tena ina milango ya kawaida, kwa hiyo ukibanwa na gari jingine kwenye maegesho utamwingiza mtoto kwa kujipinda mgongo.

Kwa watoto watatu mimi nasema Noah au pacha wake Voxy. Kuna toleo la siti saba, kuanzia 2010, ambalo siti mbili za katikati zimeachana na kuna njia ya kupita kwenda nyuma. Ukiipata hiyo, mchanga na wa miaka mitatu wanakaa katikati, mkubwa anapita na kukaa nyuma pembeni kwenye mkanda kamili.

Wangekuwa watoto wawili tu ningesema Sienta bila kusita.

Spana_Mabatini

Naunga mkono la Noah, ila Noah si moja, na tofauti yake ni pesa nyingi.

Noah na Voxy za 2001 hadi 2007, zenye fremu AZR60 (herufi za mwanzo za namba ya fremu), zina injini ya 1AZ-FSE, ndiyo hiyo D4 inayolalamikiwa. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haioshi valvu za kuingiza hewa, na masizi yanajikusanya pale hadi gari linatetemeka likiwa limesimama. Hilo linasafishika. Kubwa zaidi ni nyuzi za bolti za silinda hedi: bloku ni ya aluminiamu, nyuzi zikichoka hedi inalegea, maji yanavuja upande wa nyuma wa injini ambako hupaoni kirahisi, gari linachemka. Ingiza tochi na kioo kidogo kati ya injini na ukuta wa kabati. Ukiona ukoko wa waridi au mweupe pale hedi inapokutana na bloku, ondoka. Dawa yake ni kutoboa upya na kuweka nyuzi za chuma, siyo gundi wala gasketi mpya peke yake.

ZRR70, za 2007 hadi 2013, zina 3ZR ya lita 2, isiyo na D4. 3ZR-FE ndiyo nyepesi zaidi kutunza. 3ZR-FAE, ile ya Valvematic, inakwenda vizuri na haili mafuta sana, lakini ina kifaa cha umeme juu ya injini kinachoendesha valvu, na kikifa ni ghali. Siti saba alizosema KitiKwanza utazikuta zaidi kwenye hizi za Valvematic. Sikukatazi kuinunua. Oili lita 4.2 pamoja na filta, aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na usivushe muda.

Sienta ya fremu NCP81 na injini yake 1NZ-FE ndilo gari rahisi kuliko yote hapo. Cheni badala ya mkanda wa taiming, oili lita 3.7, spea zipo hadi Sengerema. Mjini tarajia kilomita 11 hadi 13 kwa lita, Noah 8 au 9. Kwa mlima wa Kiseke na AC ikiwashwa, punguza hapo.

Wish ya 1.8 ya kwanza ina 1ZZ-FE. Injini hizo za miaka ya mwanzo zilikuwa na ringi za pistoni zinazoruhusu oili kuungua. Ukiipenda, pima kijiti cha oili kabla na baada ya safari ndefu.

Kuhusu mlima: Noah za ZRR70 na Sienta za magurudumu mawili zina gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. CVT haiuawi na mlima, inauawa na joto na mafuta yasiyo yake. Fundi akikwambia ATF (mafuta ya otomatiki ya kawaida) inatosha, mshukuru uondoke. Toyota zina mafuta ya CVT aina ya TC kwa za zamani na FE kwa za baadaye, na hazichanganywi kwa kukisia. Ukiteremka na familia nzima weka S, B au L kulingana na gari, ili injini ibebe uzito. Ukikanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini mafuta ya breki yanachemka na pedali inazama.

Na usiinue gari kwa spesa ndefu ili lipite kwenye mawe. Sivijointi (viungo vya ekseli za mbele) zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, vumbi linaingia. Weka springi na shokapu mpya za nyuma. Gari la mtumba linaloburuza huwa springi zimechoka.

Bandarini_hadi_Ziwani

Niongezee la kodi, maana watu wanachagua injini ndogo wakidhani wanaokoa hapo. Ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, kwa hiyo Sienta ya 1,500 na Noah ya 2,000 ziko kundi moja. Ukivuka 2,000, kama Estima ya 2.4, ni asilimia 10. Kinachouma ni umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Kuna pia ushuru wa forodha asilimia 25, unaokokotolewa kwanza, na VAT asilimia 18, inayokokotolewa mwisho juu ya hizo zote. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, uweke modeli na mwaka halisi wa kutengenezwa, kabla hujatuma hata senti Japani. TRA ina thamani yake ya kila gari, haisomi ankara yako tu.

Gari jipya kabisa (zero kilomita) kwa bajeti hiyo haipo ya siti saba. Suzuki Ertiga ingekufaa kwa kimo chake cha 180 mm kutoka chini, lakini mpya itakupita mbali.

Gari likitoka bandarini, lina zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza. Badilisha oili Dar, angalia rejeta, na tazama tairi. Japani wengi huuza gari likiwa na tairi za theluji: raba laini, mashimo madogo madogo mengi kama nyufa, na neno STUDLESS ubavuni. Kwenye lami ya Dodoma na Singida mchana zinalainika na kuisha haraka, na breki inakuwa ndefu. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 1219 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2019.

MamaKiseke

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Naelekea Noah ya ZRR70. Kuna moja ipo yadi, kesho naikagua. Niangalie nini hasa kwa upande wa watoto? Na hiyo milango ya kusukuma, naogopa vidole.

Spana_Mabatini

Hofu yako ya vidole ni ya haki, hasa milimani. Mlango wa kusukuma unafunguka kwenda nyuma, kwa hiyo gari likiegeshwa pua ikitazama bondeni, uzito wa mlango wenyewe unauvuta kujifunga. Usalama ni kuufungua hadi mwisho mpaka usikie umenasa. Jaribu hilo yadi: egesha kwenye mteremko, fungua, sukuma kwa nguvu kidogo kuelekea kufunga. Ukiachia bila ubishi, kinasio kimechoka.

Reli ya chini safisha kwa brashi kavu, weka grisi nyeupe kidogo sana. Grisi nyingi na vumbi la Kiseke inakuwa msasa unaokula rola. Mlango wa umeme ukilia bila kusogea, mara nyingi ni kebo. Kuna swichi kwenye dashibodi ya kuuzima, uutumie kwa mkono.

Pembeni mwa milango ya nyuma kuna kidude cha kuzuia mtoto asifungue kwa ndani. Washa pande zote mbili, ila wa kulia uuache umefungwa daima. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa kulia unamshushia mtoto katikati ya bodaboda.

Sasa uhai wa gari. Vuta mkanda wa kila siti hadi mwisho usome lebo iliyoshonwa chini. Kama tarehe yake ni mpya kuliko gari, mkanda ulibadilishwa, uliza kwa nini. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya SRS (ya eabegi) iwake, izime baada ya sekunde kama 6. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaificha. Chukua namba ya fremu uitafute kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa magari yaliyoitwa kurekebishwa, kwa ajili ya eabegi zenye kasoro za kampuni ya Takata. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na hapa ziwani vyote viwili vipo. Halafu lala chini utazame kutu kwenye vikombe vya shokapu na kingo za chini ya milango. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo kutu nzito ni ya chumvi inayomwagwa barabarani Japani wakati wa theluji.

KitiKwanza

Nenda na kiti cha mtoto mkononi, usikubali "kitaingia tu".

Ingiza vidole kati ya mgongo wa siti na makalio. Kama kuna ISOFIX (vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto) utagusa vyuma viwili vyembamba, vimeachana sentimita 28. Kama hakuna, si mwisho: mkanda wa pointi tatu unafunga vizuri ukiufunga vizuri. Uvute wote mpaka mwisho kisha uuachie urudi polepole. Ukisikia tik-tik na haukubali tena kuvutwa, una kufuli la kubana kiti. Mkanda usipofanya hivyo, fuata kitabu cha kiti. Baadhi ya viti vina klipu yao ya kuufunga.

Kaza kwa kukalia goti ndani ya kiti huku ukivuta mkanda. Kisha shika pale mkanda unapopita, utikise: kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Hapo tazama kifungio, kile chekundu cha kubonyeza. Kwenye siti nyingine shina lake ni refu, kifungio kinaangukia juu ya ukingo wa plastiki wa kiti. Ajali ikitokea kinakunjika pale na kinaweza kuachia. Hamisha kiti siti nyingine au tafuta kiti cha umbo jingine, usikipindishe kwa nguvu.

Mchanga asikae mbele kamwe penye eabegi hai. Inafunguka ikigonga mgongo wa kiti chake. Mkubwa, siku gari limejaa, anaweza kukaa mbele kwenye kiti chake cha kuinua, siti ikiwa imerudishwa nyuma hadi mwisho.

Viti vya mtumba vya Mlango Mmoja ni bei nzuri, lakini pindua chini usome: lebo ya E yenye R44/04 (kanuni ya zamani) au R129, na tarehe ya kutengenezwa. Isiyo na lebo, yenye mkanda uliochanika nyuzi, au ganda lenye mstari mweupe wa kukunjika, iache hapo hapo. Mstari huo maana yake plastiki ilishawahi kubeba kishindo.

Na kama hiyo Noah ina siti za katikati zinazozunguka kutazama nyuma, zifunge zitazame mbele kabla hujafunga kiti chochote cha mtoto.