Tupeane uzoefu: ulibadilisha klasi mama, mafaili ya zamani yakakufanya nini?

Wakuu, nianze na yangu. Nina klasi mama Hati, chini yake watoto wanaoirithi, Ankara na Risiti, zote zinahifadhiwa kwenye mafaili kwa seriali ya Java (kugeuza objekti kuwa baiti, kisha kuzisoma tena). Watoto niliwaandikia serialVersionUID = 1L (namba ya toleo la klasi), nikalala usingizi. Mama nikamwacha hivyo hivyo. Siku moja nikamwongezea metodi moja tu ya public, fildi sikugusa hata moja. Kufungua faili la jana: InvalidClassException (kosa la klasi kutolingana na faili), na inayolalamikiwa ni Hati, siyo Ankara! Kumbe namba hiyo hairithiwi. Kila klasi kwenye ukoo ina yake, na usipoiandika, Java inaikokotoa yenyewe kutokana na jina, fildi, metodi na kadhalika. Ujumbe wa kosa unataja namba mbili. Nikachukua ile iliyomo kwenye faili, nikaibandika kwa Hati, mambo yakanyooka.

#2
Wewe angalau ulipigiwa kelele. Mimi nilihamisha fildi "tarehe" kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama, namba zote zipo palepale. Kosa hakuna, ila tarehe zote null (tupu). Seriali huandika fungu la mama peke yake na la mtoto peke yake. Inaposoma, fungu la mama halina tarehe. Iliyomo kwenye fungu la mtoto haina wa kuipokea, inatupwa kimya kimya. Na programu ilikuwa inahifadhi upya kila inachofungua, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kilichobaki, yaani mafaili ambayo hayakuwa yamefunguliwa, nilikiokoa kwa kurudisha fildi kwa mtoto: readObject (metodi ya klasi ya kusoma data yake) inaita defaultReadObject (usomaji wa kawaida), kisha kama tarehe si null inamkabidhi mama.

#3
Mama yangu mimi hakuwa Serializable (alama ya kuruhusu klasi ihifadhiwe kwa seriali) kabisa. Konstrakta yake (ile ya kuunda objekti) isiyo na vigezo ndiyo huitwa wakati wa kusoma, kaunta ikawa inarudi sifuri kila mara. Nikaifuta konstrakta kwa hasira. Jibu la Java: "no valid constructor", yaani haikupata konstrakta ya kuita.

#4
Nilichomeka klasi mpya katikati ya mama na mtoto, yenye lugha = "sw". Data ya zamani ikasomeka vizuri, lugha null! Thamani za mwanzo hazitekelezwi hapo. Dawa ni readObjectNoData, metodi inayoitwa faili lisipokuwa na data ya klasi hiyo, ipo tangu Java 1.4.

#1
#2, umenitoa jasho. Juzi tu nimempandishia Hati fildi "mteja" kutoka Ankara. Na programu yangu pia inahifadhi upya kila inachofungua; ngoja nikazime kile kihifadhi kwanza.