Wakala wa akili unde na kumbukumbu za vitisho vya mtandaoni: MISP, OpenCTI au faharasa ya vekta?

Mzabibu_Dom
Mbukwenyi wakuu. Nipo katika timu ndogo ya usalama wa mtandao hapa Dodoma, watu watatu tu, na tumepewa kazi ya kumwezesha wakala wa akili unde kutafuta katika kumbukumbu zetu za vitisho: anwani za IP zinazoshukiwa, heshi (alama za utambulisho) za mafaili hasidi, taarifa za udhaifu na ripoti ndefu kuhusu makundi ya wavamizi. Mchambuzi atauliza, wakala atatafuta, kisha atajibu akionyesha kumbukumbu aliyoitegemea. Tumebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni kumpa wakala zana inayoita restSearch, yaani njia ya kutafuta ya MISP, programu ya kuhifadhi na kushirikishana taarifa za vitisho, ambayo tayari tunayo. Ya pili ni kuhamia OpenCTI, programu nyingine ya kazi hiyo, inayohifadhi kila kitu kama grafu (vitu na uhusiano kati yake) kwa kufuata STIX 2.1, kiwango cha kuandika taarifa za vitisho, na kuulizwa kwa lugha ya maswali ya GraphQL. Ya tatu ni kuzigawa ripoti vipande vipande, kuvigeuza kuwa vekta (orodha za namba zinazowakilisha maana) na kutafuta kwa ukaribu wa maana. Mimi naelekea ya tatu, kwa kuwa wachambuzi wetu huuliza kwa maneno ya kawaida. Naomba ushauri wa waliokwisha kujaribu.

Kaka_wa_Mpwapwa
Ndugu Mzabibu, nakusihi usiitegemee ya tatu peke yake. Sisi tulianza hivyo na tukaumia. Mchambuzi aliuliza habari za CVE-2021-44228 (CVE ni namba rasmi ya udhaifu), ule udhaifu wa Log4j, maktaba ya Java ya kurekodi matukio ya programu, uliopewa alama 10 kamili za ukali, na wakala akarudi na kumbukumbu ya CVE-2021-44832, ambayo nayo ni ya Log4j lakini ina alama 6.6 na ilizibwa katika toleo la 2.17.1. Kwa vekta, maelezo ya hizo mbili ni kama mapacha: programu ileile, mwaka uleule, hatari ileile ya mtu kuendesha msimbo wake ndani ya seva yako. Kinachozitenganisha ni tarakimu za mwisho, na hizo hazibebi maana yoyote ya kupimwa kwa ukaribu. Lililotusikitisha zaidi ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwa ufasaha mkubwa, hivyo hakuna aliyelitilia shaka hadi siku ya pili.

Namba ya CVE, heshi, anwani ya IP na jina la kikoa vitafutwe herufi kwa herufi. restSearch inafanya hivyo, na inachuja kwa aina, kwa lebo na kwa muda. Washa pia enforceWarninglist, inayoondoa anwani zinazojulikana kuwa za kawaida, la sivyo wakala atakuletea 8.8.8.8, seva ya umma ya DNS ya Google, kama anwani ya adui kwa sababu tu iliwahi kunukuliwa ndani ya ripoti fulani.

Binti_Kondoa
Kaka, nakubaliana nawe kuhusu namba, lakini majina ya makundi ni habari nyingine. APT29, Cozy Bear na Midnight Blizzard ni kundi moja, na Microsoft yenyewe ilikuwa ikiliita Nobelium hadi ilipobadili utaratibu wake wa majina Aprili 2023. Anayetafuta jina moja herufi kwa herufi atazikosa ripoti zilizotumia mengine. OpenCTI huweka majina hayo yote katika kumbukumbu moja, kisha inakuwezesha kufuata uhusiano kutoka kwa kundi hadi kwenye mbinu, na kutoka kwenye mbinu hadi kwenye programu hasidi. Galaksi za MISP (makusanyo yake ya maelezo ya makundi na mbinu) nazo zina visawe, ila zana yako ndiyo italazimika kuvisoma kabla ya kutafuta.

Gharama yake sitaificha. OpenCTI inataka Elasticsearch, Redis, RabbitMQ na hifadhi ya mafaili, vyote viwe hai muda wote, na kwa watu watatu huo ni mzigo. Mkiichagua, wakala asiachiwe kujiandikia maswali ya GraphQL, kwa sababu atabuni majina ya sehemu zisizokuwepo. Mpeni zana chache zenye kazi moja moja: ya kutafuta kiashiria, ya kutafuta kundi, na ya kufuata uhusiano.

Alizeti_Singida
Naongeza mawili. Anwani ya IP iliyotumiwa na wavamizi miaka mitatu iliyopita leo huenda ni ya mfanyabiashara asiye na hatia, kwa hiyo kila tokeo lirudi na tarehe zake. STIX ina valid_from na valid_until kwa kazi hiyo.

La pili ni TLP, alama zinazoonyesha nani anaruhusiwa kupewa taarifa. Kumbukumbu yenye alama ya AMBER+STRICT haipaswi kutoka nje ya taasisi iliyoipokea, na kuipeleka kwa modeli inayoendeshwa na kampuni ya nje ni kuitoa. Chujio la TLP likae ndani ya zana yenyewe. Likibaki katika maelekezo anayopewa wakala, maandishi yaliyopandwa kwa makusudi ndani ya ripoti yanaweza kumshawishi alipuuze. Kumbukumbu za hadaa (phishing) zina barua pepe na namba za simu za waathirika pia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi.

Mzabibu_Dom
Nashukuru sana. Tutabaki na MISP kwa viashiria, na vekta itatumika kwa ripoti ndefu tu, baada ya kuchuja. Limebaki swali moja: mchambuzi akiandika “hadaa” wakati ripoti zetu zote ni za Kiingereza, restSearch haitarudisha kitu.

Kaka_wa_Mpwapwa
Tengenezeni jedwali dogo linalounganisha maneno yenu na namba za MITRE ATT&CK, orodha ya mbinu za wavamizi, kisha zana itafute kwa namba. Hadaa ni T1566, na matumizi ya akaunti halali zilizoibwa ni T1078. Sisi tulianza na mistari kumi na tano, tukawa tunaongeza mmoja kila swali lilipokosa jibu.