Mrejesho: poti ya swichi ya SAN iliyogoma

Wakuu, niliuliza kuhusu seva ya zamani, pale kiwandani Nyakato, iliyokataa kuonekana kwenye swichi mpya ya SAN (mtandao wa kuunganisha seva na diski za pamoja): amri ya switchshow, inayoonyesha hali ya poti, ilikuwa inasema No_Sync, yaani mwanga unafika kwenye poti lakini kuelewana wapi! Imekubali.

Mliosema nibadili waya, hapana. Aliyelenga ni yule aliyeuliza moduli ya SFP (kile kidude cha kuchomeka kwenye poti, ndipo waya uingie) imeandikwa nini. Zilizokuja na swichi ni za gigabiti 32 kwa sekunde, na hizo hushuka hadi 16 na 8 tu. Kadi ya HBA ya seva ile (inayoiunganisha na SAN) ni ya 4. Hata poti ikiachwa ijipangie kasi, moduli na kadi hazielewani. Moduli ya 16 inashuka hadi 4. Mwanza sikuipata, ikaja na basi toka Dar.

Nikaichomeka poti ya 6, nikafunga kasi kwa portcfgspeed 6 4 (poti ya 6, kasi 4), ikasoma Online F-Port, yaani seva imeungana. Diski hazikuonekana mpaka WWN ya kadi, yaani namba yake ya utambulisho, ilipoingia kwenye zoni, yaani kundi la vifaa vinavyoruhusiwa kuonana, kisha cfgsave ya kuhifadhi na cfgenable ya kuiwasha (hii ya mwisho wengi huiruka, halafu wanailaumu seva).

Poti tupu nimezizima kwa portcfgpersistentdisable, maana portdisable ya kawaida hufutika swichi ikizimika, na umeme wa huku mnaujua.