Wauza hedseti wa Kampala, acheni kutuambia kompyuta zetu ni mbovu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Nimenunua hedseti ya gemu, yaani spika za masikioni zenye maiki, kwenye duka moja ndani ya akedi (jengo la maduka), katikati ya mji. Taa za rangi, maiki ya kukunja, boksi limeandikwa PC kwa herufi kubwa. Nacheza Counter-Strike 2, gemu ya timu ya kupigana risasi mtandaoni, na vijana wa Mombasa na Mwanza, na kilio chao ni kimoja: "Mkuu, hatukusikii." Napiga kelele bomu liko B (eneo moja la ramani ya gemu), wao wanapata mnong'ono. Tunapoteza raundi, lawama zote kwangu.

Nikarudi dukani. Muuzaji akachomeka hedseti kwenye simu yake, akanirekodi, akanisikilizisha. Sauti safi! "Ssebo (yaani bwana), unaona? Kitu kizima hiki. Kompyuta yako ndiyo mbovu. Endelea kuchomeka kwenye tundu la pinki kama nilivyokwambia, gemu usikilize kwa spika, halafu ongea kwa nguvu." Ongea kwa nguvu? Saa sita usiku, kwenye nyumba za kupanga za mtaa wa Ntinda, mimi na jirani ukuta mmoja? Nikadai pesa yangu, akanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi wa duka la pili naye akataka kufuta Windows yote aweke upya. Kwa malipo, bila shaka.

Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe. Hedseti hii ina plagi moja yenye mistari mitatu. Hiyo ni plagi ya simu, inabeba masikio yote mawili pamoja na maiki. Kompyuta yangu ya mezani ina matundu mawili, la kijani la kusikiliza na la pinki la maiki. Tundu la pinki linachukua sauti kwenye ncha ya plagi, na ncha ya plagi ya simu ni ya sikio la kushoto! Sauti ya maiki yenyewe haifiki panapotakiwa. Na kispika cha sikioni, kikichomekwa hapo, kinageuka maiki dhaifu.

Mnabisha? Fungueni mipangilio ya sauti ya Windows, mwangalie ule mstari unaopanda na kushuka mtu akiongea. Mimi niligonga maiki kwa ukucha: kimya. Nikagonga kava la sikio la kushoto: mstari ukaruka. Yaani muda wote huo wenzangu walikuwa wananisikia kupitia sikio.

Kinachotakiwa ni spilita tu, kile kiwaya chenye tundu moja huku na plagi mbili kule. Bei ya rolex chache, zile chapati za kukunja na mayai, siyo saa. Na yule muuzaji wa kwanza anazo, zinaning'inia nyuma ya kichwa chake! Kunyanyua mkono tu kimemshinda, ila kuitukana kompyuta yangu ameweza.

Baada ya spilita sauti yangu bado ilikuwa chini kidogo, lakini hilo ni jambo la kawaida. Kwenye levo za maiki, chini ya slaida ya volyumu, kompyuta nyingi zina slaida nyingine ya kuongeza nguvu kwa desibeli 10, 20 au 30. Kwangu 20 inatosha, 30 inaleta mvumo. Hakikisheni pia Discord (programu ya kuongea mkiwa mnacheza) na gemu zimechagua maiki ileile, maana zinaweza kung'ang'ania ile ya kamera.

Na wale wa "nunua ya USB tu", najua ya USB inakuja na kadi yake ya sauti na haina kesi hii. Pesa mtanipa nyinyi?

Wauzaji, boksi likiandikwa PC na ndani kuna plagi ya simu, wekeni spilita au mwambieni mteja kabla hajalipa. Na muijaribu kwenye kompyuta ya mezani, siyo kwenye simu yenu! Mwenye kujua duka la Kampala linalofanya hivyo alitaje hapa, kuna rafiki yangu anatafuta hedseti wiki hii.